Makaa Kando ya Josho

Tamathali za semi nilizipenda kupita kiasi, na sitaki mtu aniambie eti nilikuwa mtoto. Nilikuwa kidato cha tatu, nina akili zangu timamu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, kwenye shule ya kutwa upande wa Didia, alituandikia ubaoni: tashibiha hufananisha kwa kusema "kama", sitiari haisemi "kama", hukiita kitu kwa jina la kingine moja kwa moja. Kisha akatutuma kila mmoja alete wimbo wa kwao, autafsiri, autafutie tamathali.

Nikaleta wimbo wa ngoma za baada ya mavuno ya pamba. Mwaka ule ng'ombe walikufa sana kijijini, na manju wetu, kiongozi wa waimbaji, aliimba kwamba kuna makaa mawili kando ya josho hayazimiki, yanaunguza mazizi ya watu. Basi. Manju hataji mtu. Wazee wakimbana, atasema aliimba makaa. Watu waliguna wakaenda zao, maana fumbo humwachia kila mtu nafasi ya kujifanya hakuelewa.

Mimi na kiherehere changu nikasimama mbele ya darasa. Nikasema hii ni sitiari: makaa mawili ni macho mekundu ya mama mjane anayekaa kando ya josho, na kuunguza mazizi ni kuroga ng'ombe. Mwalimu akasema safi sana, mpigieni makofi. Wakapiga. Mmoja wao alikuwa binti wa jirani yetu, ambaye baba yake alibakiwa na ndama mmoja tu.

Yule mjane nilimwita mayu, yaani mama. Nimekula michembe kwake, vile viazi vitamu vya kukausha, tangu sijui kufunga vifungo. Kuni zilikuwa zimekwisha kijijini kwetu, akawa anapikia samadi kavu, na moshi wake ndio uliomharibu macho. Nilijua. Lakini moshi haukuwa tamathali, haukuwa na maksi, kwa hiyo sikuuandika.

Hazikupita wiki mbili wakamkata mapanga jikoni kwake. Binti wa jirani alikuwa amesimulia nyumbani tulichojifunza shuleni. Aliniambia mwenyewe, analia, na sikuwa na uso wa kumlaumu.

Mwana mkubwa wa mayu alikuwa akichimba dhahabu huko Geita. Dada yake akaniomba nimwandikie barua, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikaandika "mama ametutoka". Hiyo ni tafsida, kulipunguza neno makali. Nilijivunia hata hapo, Mungu anisamehe.

Alifika tumeshazika. Akanikuta uani.

"Mdogo wangu, mama aliumwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni mapanga. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Kisha akauliza ni nani aliyesema mama yake ni mchawi.

"Watu," nikamjibu. "Watu tu, kaka."