Mwizi wa Mafuta ya Kidonge

Nilibandika karatasi yenye saini yangu juu ya kifuniko cha tenki la mafuta. Asubuhi nikaikuta haijaguswa, saini iko vilevile.

Na bado siku mbili baadaye mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

Wakuu, nisikilizeni, maana jambo hili lilitaka kunitia wazimu.

Mimi ni mtu wa maabara. Kutwa nzima nafunga chupa za sampuli, nabandika karatasi, naweka saini. Mtu akifungua, nitajua. Nikaona nifanye vivyo hivyo kwa kagari ketu keupe, ambako watoto wetu pacha wanakaita Kidonge.

Injini ya Kidonge ni ndogo, hata pikipiki zinaidharau. Aliyetuuzia aliapa, "Ukikijaza hiki Jumatatu, utasahau kituo cha mafuta kiko wapi."

Mimi nilikuwa najaza Jumatatu, Alhamisi niko tena kwenye pampu. Wahudumu walishanizoea.

Sasa niambie, mafuta yanaenda wapi?

Nikaenda kwa fundi. Akakagua plagi, akabadilisha chujio la hewa, akaingia chini kutafuta panapovuja. Hakuona kitu. Akasema tuzunguke kidogo, mimi niendeshe, yeye asikilize.

Tuliporudi alishuka anajifuta jasho.

"Bosi, mafuta yako hayaibiwi. Yanakanyagwa."

"Una maana gani?"

"Si unakanyaga mafuta? Basi ndiyo hayo hayo."

Akacheka sana. Nikaona ananifanyia utani. Kila dereva anakanyaga mafuta, sasa alitaka nikanyage nini, maji? Nikaondoka pale nimefura, vumbi likamfunika yeye na gereji yake.

Halafu nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Gari likikaa barabarani muda mfupi, litakula mafuta kidogo. Kwa hiyo mshale ukianza kushuka, mimi ndiyo kwanza naongeza mwendo, nifike kabla hayajaisha!

Taa ikiruhusu, naruka. Nikikuta foleni, napiga breki. Foleni ikisogea hatua kumi, naruka tena. Nikiwasubiri pacha shuleni, naacha injini inanguruma na kiyoyozi kinapuliza nusu saa nzima.

Sikuona kosa langu lolote. Nilichoona ni kwamba kuna mtu ananiibia.

Tunaishi nyumba nane ndani ya ukuta mmoja, na mtu wa kushinda karibu na magari alikuwa mmoja tu: mlinzi wa geti. Mama wa makamo, sote tulimwita Afande. Aliishi na binti yake kwenye kachumba ka pembeni ya geti. Chumba kilitolewa pamoja na kazi. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha.

Hilo nililijua. Naomba mkumbuke kwamba nililijua.

Mke wangu alinikataza. "Baba Pacha, una ushahidi gani? Saini yako si haijaguswa?"

"Ameshajua kuibandua na kuirudisha."

"Afande? Huyu anayerudisha mpaka funguo za watu akiziokota?"

"Ndio hao hao wa kuwaogopa."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa wapangaji. Nikataja tarehe, nikaonyesha picha za mshale kwenye simu, nikaongea kwa kujiamini. Mtu wa maabara akitaja vipimo, nani atabisha?

Haikupita wiki, kibarua cha Afande kikaota nyasi. Nilimwona akitoa godoro, binti yake akiwa nyuma na ndoo yenye madaftari ndani. Mimi nikajifanya napangusa kioo cha gari.

Wiki ile ile gari la shemeji yangu, dada wa mke wangu, likaharibika. Yeye ndiye huwa anapeleka keki ambazo mke wangu anaoka kwa ajili ya sherehe. Basi kazi ikaniangukia mimi.

Keki ya kwanza ilikuwa ya ghorofa tatu. Mke wangu alikaa nayo kiti cha nyuma, ameikumbatia.

"Pole pole!"

"Si naenda pole pole?"

"Hiyo breki ya nini sasa? Taa nyekundu umeiona tangu kule. Toa mguu mapema, gari litapunguza lenyewe!"

Nikisimama kusubiri kitu, "Zima injini, inatikisa keki!"

Jamani, nilinyanyasika. Nilikuwa naondoka taratibu kama naiba gari langu mwenyewe. Nyuma watu wanapiga honi, mmoja akashusha kioo akaniuliza kama nimelala. Wiki mbili mfululizo, kila siku keki, kila siku kufokewa. Niliichukia kila dakika.

Lakini Alhamisi ilipofika, mshale ulikuwa juu ya nusu. Jumatatu iliyofuata bado mafuta yapo.

Nikaruka kwa furaha. "Mama Pacha, umeona? Tangu Afande aondoke, halijapotea hata tone!"

Nikampigia mwenyekiti. "Si niliwaambia?" Kwenye kikao cha wapangaji akanisifu mbele ya wote, eti nina jicho kali. Nami nikapokea sifa zile, nikashukuru.

Mke wangu yeye alirudi jikoni kwenye keki zake.

Gari la shemeji likapona, keki zikarudi kwake. Mimi nikarudi kwenye mwendo wangu.

Alhamisi, mshale chini.

Nilikaa ndani ya gari kama nusu saa. Getini hapakuwa na mlinzi, kila mpangaji alikuwa na ufunguo wake. Karatasi ya saini ilikuwa mahali pake. Nikafanya kama tunavyofanya maabara: nikajiuliza, katika wiki zile mbili, ni kitu gani kilikuwepo ambacho leo hakipo?

Keki.

Nikaingia ndani, mke wangu akaniangalia usoni.

"Umeelewa leo?"

"Ulijua?"

"Tangu keki ya pili. Ningekwambia, ungesema namtetea mwizi."

Nikatoka kwenda kumtafuta Afande.

Kumpata kulinichukua siku nne za kuulizauliza. Nilimkuta kwa dobi, anakunja mashuka.

"Afande, nimekuja kuomba msamaha. Mafuta nilikuwa nayamaliza mwenyewe. Ni uendeshaji wangu."

"Najua," akasema, anaendelea kukunja.

"Unajua?"

"Baba Pacha, nilikuwa nakusikia tangu kule kwenye kona. Nikisikia injini inalia, naacha chakula changu nakimbilia geti, maana najua hutapunguza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akasimama na shuka mkononi. "Nilikwambia. Nilisema punguza mguu, hako kagari kadogo. Ukanijibu nilinde geti, nisikufundishe kuendesha."

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Nikamwambia chumba bado kiko wazi, nitazungumza na mwenyekiti, arudi kazini kwake. Akatikisa kichwa.

"Binti yangu ameulizwa shuleni kama mama yake ni mwizi. Huko sirudi. Lakini kama kweli umekuja kuomba msamaha, nenda kwa kila aliyesikia. Nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wako. Usitume ujumbe kwenye kundi la simu."

Nikakubali.

Ndugu zangu, kama kagari kako kanakunywa mafuta kama lori, anza na mguu wako. Ondoka taratibu. Ukiona taa nyekundu mbele, toa mguu mapema. Ukisubiri mtu, zima injini. Hayo nimejifunza, na Kidonge siku hizi kinakaa wiki mbili bila kuona pampu.

Na ukimchafua mtu mbele za watu, kumwomba radhi pembeni hakutoshi. Rudi kwa watu wale wale ukajichafue mwenyewe.

Milango sita nimeshagonga. Mmoja alinicheka, mwingine alinifungia mlango kabla sijamaliza. Wa saba ni wa mwenyekiti, yule aliyenisifu. Naandika haya nimesimama nje kwake, na bado sijagonga.