Askari Niliyemweka Kwenye Seva

Bora mlisikie hili kutoka kwangu kabla Makongeni nzima haijawasimulia. Mimi ndiye fundi wa seva yetu ya mchezo wa magari, kompyuta ya kukodi iliyoko Ujerumani. Tukicheza wenyewe, iko sawa. Vijana wa Donholm wakiingia tu, mchezo unazimika. Ilipofika mara ya tatu nikatangaza kwenye grupu kwamba wanatuhujumu, nikawafungia nje. Mashindano ya mitaa yakakaribia kufa.

Jumamosi nahodha wao, Akinyi, akaja kwenye ukumbi tunaochezea. "Niaje Musyoka. Umesoma kumbukumbu za seva?"

Sikuwa nimesoma rekodi hizo za kila kinachotokea kwenye seva. Nikazifungua kwa madaha kwenye skrini kubwa, kila mtu aone uhalifu wao. Jina pekee lililokuwa pale ni Askari; hapo ndipo nilipokumbuka programu niliyoiandika zamani, nikaiita hivyo, izime chochote kinachokula memori kupita kiasi. Watu wakiwa wengi, kinachokula memori ni mchezo wenyewe.

"Mfute huyo Askari, tucheze leo leo," Akinyi akasema, akicheka bila ubaya. Kisha akawasomea watu ujumbe niliomwandalia Askari auandike kila akizima kitu, umejirudia mara tatu: "Mwizi amekamatwa. Kazi safi, Musyoka."