Mama wa Mowlem anayemwaga maziwa kwa hofu ya kuzika tena

Saa saba mchana kengele ya chakula inapigwa, na wanawake wa kiwanda kimoja cha kufulia nguo katika eneo la viwandani jijini Nairobi wanatoka mbio kuwahi foleni ya githeri. Everline Khalayi hapangi foleni. Anakata kona nyuma ya tangi la maji, anageukia ukuta, anafungua vifungo vya ovaroli na kuanza kukamua maziwa yake.

Yanaruka kwa nguvu, na ni mengi. Anayaelekeza chini ya ukuta, mahali ambapo hapapiti mtu, kwa sababu tangu usichana wake aliambiwa kuwa maziwa ya mama hayafai kukanyagwa. Anakamua huku ameuma meno, maana matiti yamejaa hadi yanamwasha. Akimaliza anajipangusa kwa kitambaa na kurudi ndani bila kuonja kitu.

Mwenye maziwa hayo ni Wanyonyi, mvulana wa miezi mitatu na ushei. Wakati huo yuko mtaani Mowlem, kwenye chumba kimoja cha kupanga, analia njaa mikononi mwa nyanya yake.

“Namwaga chakula yake hapa, na yeye huko analia. Hiyo kitu inanimaliza,” asema Everline.

Kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli. Shuka linaingizwa likiwa bichi kati ya roli mbili ndefu za chuma zinazotoa mvuke, naye anasimama upande wa pili kulipokea likiwa kavu na moto. Joto la hapo si la kusimuliwa. Anaanza asubuhi na kuachia jioni, ujira wake ni shilingi mia moja kwa siku, na siku asiyofika hakuna malipo wala maswali.

Kibarua hana likizo ya uzazi. Arobaini ya mtoto ilipotimia tu, Everline alifunga kifua kwa leso na kurudi kwenye roli. Mumewe, Mulongo, huvunja mawe machimboni kule Njiru, na mvua ikinyesha mashimo hujaa maji na kazi inalala. Mwaka huu wa 1996 kazi imelala mara nyingi, kwa hivyo nyumba yote imesimama juu ya mashuka ya watu.

Anayebaki na mtoto ni mama mkwe, Muhonja, aliyepanda basi kutoka kwao Malava, magharibi mwa Kenya, ili kumsaidia. Ni mwanamke mpole, mchapakazi, anayezungumza na mjukuu wake kutwa nzima kana kwamba atamjibu. Mchana humnywesha maji ya glukosi kwa kijiko. Mtoto anayameza, ananyamaza kidogo, kisha anaanza tena.

Ndiyo maana tangu mtoto amalize miezi miwili, Muhonja amekuwa na ombi moja. Anataka ampe Wanyonyi uji. Haombi kwa ubaya, na kwao mtoto wa umri huo si ajabu kuonja uji mwepesi. Kila akiomba, Everline anasema wangoje kidogo.

Kliniki inasema mtoto anyonye tu hadi miezi minne ipite, na mama akiweza afikishe sita. Lakini si kliniki iliyomfanya Everline akatae. Amekataa kwa sababu ya Mirriam.

Mirriam ndiye aliyekuwa kifungua mimba wake. Alifariki mwaka wa 1994 akiwa na miezi minne, wakiishi kwenye chumba hiki hiki, wakati Everline akifanya kazi hii hii. Alianza kuharisha Jumatatu, akatapika, macho yakazama, na walipomfikisha hospitali daktari aliuliza kwa nini wamekawia. Walimzika Malava, pembeni mwa shamba la mahindi la Muhonja.

Kule matangani wanawake walimzunguka Everline na kumuuliza mambo mengi. Mmoja alitaka kujua alikuwa akifanya nini jioni alipotoka kazini. Alijibu kwamba aliingia, akamchukua mtoto na kumnyonyesha pale pale, kwa kuwa alikuwa amemkosa siku nzima. Wanawake wale walitazamana.

“Mmoja akaniambia, mama, umetoka kwa moto na jua, maziwa imeungua ndani ya kifua, halafu unapea mtoto hivyo hivyo,” akumbuka Everline. “Nikajua ni mimi nimeua.”

Hakuna aliyemwambia vingine. Mulongo aliinamisha kichwa, wachungaji waliomba, na Everline akarudi Nairobi akiwa amebeba neno hilo moyoni. Amelala nalo na kuamka nalo miaka miwili, na ukimtazama usoni unaona lilivyomla.

Alipojifungua Wanyonyi akaapa kuwa hatarudia kosa. Kila jioni, baada ya kutembea kutoka kiwandani, kupita Makadara na kushika Jogoo Road hadi nyumbani, hamgusi mtoto. Anaketi nyuma ya pazia na karai, anakamua tena mpaka aridhike kwamba maziwa yaliyoungua yametoka yote. Anaosha kifua kwa maji baridi na kungoja mwili upoe. Muhonja husimama upande wa pili wa pazia na mtoto anayelia, akimsihi avumilie, mama anatengeneza maziwa mazuri.

Wakati Wanyonyi anapopewa titi, titi limelegea. Anavuta, anavuta, analiachia na kupiga kelele. Wote chumbani wanaona jambo moja tu, kwamba mama huyu hana maziwa mazuri ya kutosha.

Muhonja alilisema kwa upole, kuwa si dhambi, wako wanawake ambao maziwa yao ni mepesi. Mulongo, mtu wa maneno machache, alichoka kusikia majirani wakigonga ukuta. Siku moja alitoka Njiru na pakiti ya unga wa wimbi, akaiweka kwenye rafu juu ya jiko la mafuta ya taa. Kila Everline alipoinua macho aliiona pale, haijafunguliwa, na alijua kuwa siku zake za kukataa zinahesabika.

“Nilikuwa nimeshachoka. Nilisema Jumamosi nimpeleke kliniki apimwe, nikirudi mama apike tu,” asema.

Jumamosi hiyo, kwenye zahanati ya Baraza la Jiji, Wanyonyi aliwekwa kwenye mizani na uzito wake ukawa ule ule wa mwezi uliotangulia. Muuguzi aliyekuwa kwenye zamu, Sista Nzembi, aliuliza mtoto anakula nini. Everline akajibu kwamba ananyonya lakini maziwa hayatoshi. Sista akamtazama kifuani, ambako gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili.

“Hayatoshi, na nguo imelowa hivyo?”

Machozi yakamtoka Everline mbele ya kina mama wote wa benchi. Alieleza habari ya roli, karai, maji baridi na maneno ya matangani. Sista hakumcheka. Alimvuta pembeni na kumwambia kwamba titi si sufuria, maziwa hayaungui humo hata mama asimame kwenye jua kutwa. Anachomwaga jioni ndicho chakula ambacho mtoto amekingoja mchana kucha, na titi lisilonyonywa vizuri mwishowe hukauka kweli.

Akampa na njia ya mchana. Akamue alfajiri kabla ya kutoka, kwenye kikombe kilichochemshwa, akifunike, na nyanya ampe mtoto kwa kijiko.

Kisha sista akauliza swali ambalo Everline hakulitarajia. Alitaka kujua Mirriam alikuwa akila nini.

Mirriam alianza uji akiwa na miezi miwili. Ulipikwa asubuhi, ukawekwa kwenye chupa ya chai hadi mchana, na ukizidi uzito uliongezwa maji ya mtungi. Maji yenyewe yalinunuliwa kwa mkokoteni, na mafuta ya taa yakiwa haba, maji hayakuchemshwa. Sista alipapasa kadi ya mtoto.

“Akaniambia, mama, si maziwa yako. Haikuwa maziwa.”

Mtu angedhani Everline alitoka pale akiwa mwepesi. Alitoka mzito kuliko alivyoingia. Aliketi kwenye jiwe nje ya lango, mtoto mgongoni, asijue aelekee wapi, kwa sababu aliyepika uji wa Mirriam, akautia kwenye chupa na kumlisha kijiko kwa kijiko kwa mapenzi yote, alikuwa Muhonja, aliyekuja kumlea naye pia.

“Nikimwambia mama vile sista alisema, nitakuwa nimemwambia ni yeye,” asema Everline kwa sauti ya chini. “Yeye ndiye analea huyu. Na alimpenda Mirriam sana. Sasa nifanye aje?”

Miaka miwili alikuwa amebeba lawama ambayo haikuwa yake, na siku ilipotuliwa, mahali pa kuitua palikuwa mgongoni mwa mama mzee. Hakujua lipi ni baya zaidi. Akakata kauli anyamaze, ila uji usipikwe. Nyumbani alisema tu kwamba kliniki imekataza.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini, jasho halijamkauka. Muhonja alikuwa ameshaliweka karai nyuma ya pazia kama kawaida. Everline alilipita. Aliketi kitandani, akanyoosha mikono apewe mtoto. Asema hata baada ya kuambiwa na sista, nusu ya moyo wake ilikuwa bado inaamini anampa sumu.

“Hujakamua,” Muhonja akamkumbusha.

“Najua, mama.”

Wanyonyi alilidaka titi na kuanza kumeza kwa sauti, funda baada ya funda, maziwa yakimtiririka pembeni mwa mdomo. Alinyonya upande mmoja, akabadilishiwa wa pili, akanyonya mpaka ngumi zake zikalegea. Kisha akalala. Chumba kilinyamaza kwa namna ambayo hakikuwa kimenyamaza tangu Everline arudi kazini.

Muhonja alisimama akimtazama mjukuu wake. Hakuwa amesoma, lakini hakuwa mjinga. Muda mrefu ulipita, na mtoto hakuharisha, hakutapika, aliendelea kulala tu.

“Kwa hivyo si maziwa iliua Mirriam,” akasema.

Everline alijifanya anamfunika mtoto, na mama mkwe akatoka nje, akakaa kwenye ngazi hadi giza lilipoingia. Mulongo alipofika alimkuta hapo na kumuuliza kama anaumwa. Alimwambia haumwi.

Tangu siku hiyo wawili hao hawajalizungumzia jambo hilo. Pakiti ya wimbi haipo tena kwenye rafu. Muhonja aliishusha mwenyewe na kumpa Nzilani, jirani wa chumba cha pili mwenye watoto wakubwa. Glukosi nayo imekoma. Kila alfajiri Everline anakamua kwenye kikombe, na Muhonja, ambaye mwanzoni aliona haya kuona maziwa ya mtu kwenye chombo, ndiye sasa anayekichemsha kabla hakijatumika. Anakichemsha, anakimwaga maji, anakichemsha tena, hata mafuta ya taa yanapokaribia kuisha. Everline ameshindwa kumwambia kuwa mara moja inatosha.

Hali haijawa nzuri. Uzito wa Wanyonyi umepanda kidogo tu, na sista anataka kumwona kila wiki. Mchana nyuma ya tangi Everline bado anakamua, kwa sababu matiti hayajui ratiba ya kiwanda na hakuna mahali pa kuyahifadhi maziwa hayo. Mtoto akichafua nguo mara mbili kwa siku, roho inamruka. Akikohoa, roho inamruka. Hajui kama siku moja ataacha kuogopa.

Mwandishi alipomuuliza Muhonja lini mjukuu wake ataonja chakula, mama huyo aliendelea kumbembeleza mtoto bila kuinua uso. “Maziwa nitampa, kwa sababu ni ya mamake,” alisema. “Uji mimi sipiki tena. Hii mkono yangu haitamlisha kitu.”

Everline alikuwa mlangoni akianua nepi na aliyasikia. Baadaye, akisindikiza mgeni hadi barabarani, alieleza mpango wake. Hatahesabu miezi tu. Atangoja Wanyonyi aketi bila kushikiliwa na anyooshe mkono mwenyewe kutaka kijiko, kwa sababu Mirriam hakuwahi kuketi, na yeye anatamani kwanza kumwona mtoto wake mmoja ameketi.

Siku hiyo ataomba ruhusa kazini, hata kama hatalipwa. Atachemsha maji mwenyewe, atapika uji kidogo wa kuisha hapo hapo, na hautawekwa kwenye chupa.

“Lakini kijiko ya kwanza nataka mama ndiye ampe,” asema, macho yakiwa kwenye mlango wa chumba chake. “Akikataa, nitamshika mkono tumpe pamoja.”