Bega la Kushoto

Fundi Tepu hatoi hela yake kizembe. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kununua nyanya anayo, na wapo wanaoapa kwamba analala nayo. Miaka thelathini na mbili yuko kwenye chumba kilekile: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na rafu ya madaftari ya vipimo ambayo ole wako uyaguse. Ukimwambia kitu ni rahisi, atakuuliza rahisi kwa nani. Sasa mtu kama huyo umwambie alipie mwaka mzima ili atafutiwe mababu mtandaoni! Thubutu.

Lakini ndivyo bintiye alivyomwambia asubuhi ile. Binti anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati ya meno, siku hiyo alikuwa zamu ya mchana, na kwa wiki mbili alikuwa ameruhusiwa kuutumia bure mtandao mmoja wa kutafuta ndugu na nasaba. Unaandika majina ya wakubwa wako na mahali walipofanyia kazi, wenyewe wanakutafutia waliobaki. Bure yenyewe ilikuwa inakwisha saa sita kamili mchana, na baada ya hapo hata walichokupatia hukioni tena.

"Mama, wamepata picha," binti akasema, akiweka simu juu ya meza ya kukatia. "Picha ya mama yake Bibi."

Bibi huyo ni shangazi yake Fundi Tepu, mdogo wake marehemu baba. Mama yao, aliyekuwa akifua nguo hospitali, alifariki shangazi akiwa na miezi miwili, na picha hakuacha hata moja. Waliomjua walikwisha mmoja mmoja, kila mtu akimwelezea kivyake: huyu kasema mrefu, yule kasema wa wastani, mwingine kasema wee acha tu. Miaka sabini na minane mtu anaishi hajui mama yake alikuwa na sura gani.

Fundi Tepu akavaa miwani. Wanawake wanane wamesimama mstari mmoja mbele ya ukuta, sare zao za aina moja zinaonekana vizuri kabisa, ila nyuso zote zimefunikwa ukungu. Chini yake maneno: *Wafuaji nguo wa hospitali. Mmoja wao anaweza kuwa ndugu yako. Lipia uone.*

"Anaweza kuwa!" Fundi Tepu akacheka. "Hapo ndipo wanapokulia hela. Na mimi naweza kuwa malkia. Bei gani?"

Binti akaitaja. Majora mawili mazima ya kitambaa cha sare za shule.

"Ng'o! Na shangazi usimwambie kitu. Umesikia? Anakuja saa nne kuchukua gauni lake. Nikimpa matumaini halafu ikawa bibi wa watu wengine, nitamtazamaje?"

Hapo alisema kweli tupu. Majora yalimuuma, ndiyo, lakini kilichomtisha ni uso wa shangazi.

Shangazi akaingia saa nne juu ya alama, kama kawaida yake, akawakuta wote wawili wameinamia simu wakajifanya hamnazo.

"Mnanificha nini?"

"Hatufichi kitu, Shangazi. Karibu, vaa tulione."

"Huyu mjukuu wangu namjua, akificha kitu masikio yanamcheza. Sema wewe."

Binti hana kifua cha kuweka siri. Akasema yote. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Yupi?"

Akapitisha kidole juu ya nyuso zile nane za ukungu, akarudia tena kutoka mwanzo, kisha akairudisha simu mezani taratibu.

"Basi, mwanangu, achana nayo. Nimekaa bila yeye miaka yote hii. Lete gauni."

Sauti ilimsaliti. Fundi Tepu akafanya anachokijua: akamvalisha, akamsimamisha mbele ya kioo, akapitisha kiganja mabegani. La kushoto lilikaa sawa na la kulia, kwa sababu ndani yake kulikuwa na pedi, kisponji cha kuinulia bega. Bega la kushoto la shangazi limeshuka tangu kuzaliwa. Shuleni walimtania mpaka akaapa hatavaa nguo isiyo na pedi. Baba yake Fundi Tepu alikuwa nalo hilohilo, na Fundi Tepu mwenyewe analo.

Mkono ukamganda begani kwa shangazi.

"Lete hiyo simu."

Akaivuta picha ikawa kubwa. Hakuhangaika na nyuso. Akatazama kola, mifuko, mikanda. Sare zimekatwa kwa patroni moja, zote nane zimeanguka sawasawa, isipokuwa moja: kola imelala upande, mfuko wa kushoto uko chini kuliko wa wenzake. Akaangalia na vifungo vimeshonwa upande gani, isije ikawa picha imegeuzwa. Haikugeuzwa.

"Wa tatu kutoka kulia," akasema. "Lipa."

"Mama, majora mawili—"

"Nimesema lipa! Unasubiri saa sita igonge?"

Binti akalipa. Ukungu ukaondoka. Chini yake yakajitokeza majina manane, yaliyonakiliwa kutoka nyuma ya picha, na la tatu kutoka kulia lilikuwa lenyewe, la mama yake shangazi.

Wenzake saba wamekaza nyuso kama wanapimwa shinikizo la damu. Yeye kafungua mdomo wote, na pengo lake mbele, halafu bega hilo kaliacha limeshuka kama hana habari nalo.

Shangazi alitazama mpaka simu ikataka kuzima, binti akaigusa isizime.

"Anacheka," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa anacheka."

Akalia, wakalia wote watatu, wakapangusana kwa vipande vya bitana. Kisha shangazi akapenga kamasi, akasimama tena mbele ya kioo.

"Toa."

"Nitoe nini, Shangazi?"

"Hiyo pedi. Itoe."

Fundi Tepu akachukua mkasi mdogo, akafumua nyuzi moja moja, akaitoa. Gauni likashuka upande wa kushoto. Shangazi akajitazama, akaomba mkoba wake, akatoka nalo hivyohivyo barabarani.