Nyundo ya Mzee Johannes

Chini ya nyumba ninayokaa siku hizi, hapa Al Baraha, Dubai, kuna karakana ya fundi wa fremu za picha. Asubuhi harufu ya mbao na gundi hupanda ngazi hata kabla ya harufu ya chai, nami naipenda harufu hiyo. Kinachonishinda ni sauti. Fundi huyu hutumia nyundo ya mti, nzito, yenye kichwa kinene kama kopo la maziwa ya unga. Akianza kugonga, ko, ko, ko, mimi huacha ninachofanya na kusubiri anyamaze. Sijawahi kumwambia. Ningeanzia wapi? Lakini ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Jumeirah Village Circle, enzi ambapo nusu ya mtaa ilikuwa bado mchanga na winchi. Mama yangu, Tusekile, ni mtu wa Rungwe, na wakati huo alikuwa muuguzi katika kliniki moja Oud Metha. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba niliyemjua mimi ni Baba Henry, Mmarekani, mhandisi wa mabomba ya maji, aliyemwoa mama tukiwa tumeshahamia Dubai. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na mabaka mekundu shingoni hata akae kivulini. Alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye maegesho ya chini ya jengo, akikimbia nyuma yangu huku anahema na kupiga kelele kwa Kiswahili chake: "Usitazama chini! Tazama mbele, Neema!" Nilimpenda kama watoto wapendavyo, bila kujiuliza.

Baba Henry alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutafuta ukoo wake. Watu wengine Ijumaa walikwenda ufukweni. Yeye aliongea kwenye simu na mabinamu wa mbali, akiuliza nani alimzaa nani na nani amezikwa wapi. Siku moja nilimkuta anatema mate kwenye kichupa ili akitume Marekani kikapimwe. Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Neema, kwetu tukitaka kujua ukoo tunamuuliza bibi. Hatumtemei mate."

Majibu ya mate yaliporudi, Baba Henry alitangaza mezani kwa fahari kwamba yeye ni Mjerumani. Kijiko kilinidondoka. Kule Rungwe, nilipokuwa mdogo na sitaki kulala, bibi alikuwa akininong'oneza, "Nyamaza, Mjerumani atakusikia." Aliyapata hayo kwa mama yake, pamoja na hadithi za viboko na za watu walionyongwa. Bibi huyohuyo kila Jumapili alijifunga kitambaa cheupe kichwani akaenda kuimba katika kanisa la Moraviani, lililoletwa na Wajerumani, na wala hakuona tabu yoyote. Usiku ule nilimchunguza vizuri Baba Henry alipokuwa akiosha vyombo. Nikaamua kwamba yeye lazima ni Mjerumani wa aina ile ya kanisani.

Basi akaanza kutusimulia habari za Johannes, babu wa kwanza kufika Amerika wakati ile nchi ikiwa koloni la Waingereza. Alikuwa kijana mdogo, amepanda meli na baba yake. Baba akafa njiani, akatupwa baharini. Kwa kuwa hakuna wa kulipa nauli, nahodha akamuuza kijana kwa fundi wa mapipa, amtumikie mpaka awe mtu mzima. Fundi yule alikuwa na nyundo ya mti, na kila pipa lilipovuja, nyundo ilitua kwenye vidole vya Johannes. Viwili havikukunjika tena maisha yake yote. Siku alipoachiwa huru, aliondoka na nyundo ile.

"Si aliiba?" niliuliza.

"Aliilipia," alisema Baba Henry, akinionyesha vidole vyake viwili amevinyoosha.

Johannes akaoa, akalima ukingoni mwa msitu, kwenye ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wamefukuzwa. Hapo Baba Henry alipita haraka, nami sikumsimamisha, kwa sababu nilijua kinachofuata. Alfajiri moja wenyeji walirudi na mashoka. Wakamuua Johannes mlangoni, wakamuua mkewe na kichanga chake. Aliyepona ni Jakobo, mtoto wao mkubwa, aliyejificha ndani ya pipa ambalo halijamalizika kutengenezwa, akaona kupitia ufa miguu ya mama yake, inatikisika, kisha haitikisiki. Mimi nilidai sehemu ya miguu isimuliwe tena na tena. Mama alinikemea, aliona aibu kuwa na mtoto anayependa damu hivyo.

Kwa Kiingereza Baba Henry aliwaita wale wenye mashoka "Wahindi", kama walivyoitwa na wazee wake. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa nikimtazama mzee Mmalayali, Mhindi wa Kerala, mwenye duka chini ya jengo letu, mtu mtaratibu aliyenipa pipi za tangawizi, nikijiuliza watu wake walifuata nini huko mbali kote.

Halafu akaja Dale, mdogo wake Baba Henry. Alikuwa akifanya kazi ya ulinzi wa misafara katika nchi moja jirani, na likizo yake akaja kuimalizia kwetu. Alijaza mlango. Alimsalimia mama kwa ncha za vidole, na mimi hakunisalimia. Lakini alikuwa amebeba zawadi, imeviringishwa kwenye taulo: nyundo yenyewe. Aliikuta kwenye banda la baba yao marehemu. Ilikuwa nyeusi kwa uzee, inanuka mafuta yaliyochacha, na mpini wake umelika pale mkono unaposhika. Baba Henry aliipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaiweka katikati ya meza, karibu na sufuria ya ndizi za nyama.

"Baba Neema," mama alisema, "kitu hicho kikae chini. Hapa tunakula."

"Ni heshima, Mama Neema. Leo tu."

Mama akaisogeza sufuria mbali nayo.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa, kwa hiyo huko Marekani ni asubuhi. Ndugu wawili wakampigia kwa kompyuta Shangazi Ruth, dada wa baba yao, aliyewalea baada ya mama yao kufa. Uso wake ulijaza kioo, pua mbele, miwani nyuma. Alinipungia mkono, akaniuliza habari za shule. Dale akainua nyundo aione. Shangazi Ruth akaacha kutabasamu.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwenye banda la baba."

"Baba yenu aliniapia kwamba ameichoma moto. Iondoeni mezani. Kuna mtoto hapo."

Baba Henry akacheka kidogo, kwa wasiwasi. "Shangazi, ni nyundo ya mapipa ya Johannes."

"Ilikuwa ya Johannes. Kisha ikawa ya Jakobo. Hiyo sehemu mama yangu aliniambia mimi peke yangu, nikamwambia baba yenu, tukakubaliana iishie kwetu. Naona haikuishia."

Akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Jakobo alikua akiwa na ile miguu machoni. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na kundi la wanaume wenye bunduki waliokwenda msituni kulipiza kisasi. Hawakuwapata waliowaua wazazi wake. Walipata kijiji cha watu wengine kabisa, wa asili ileile, waliobatizwa na kuweka silaha chini, wakivuna mahindi yao. Wanakijiji wakawakaribisha, wakawapa chakula. Baada ya kula, wageni wakawafunga kamba, wanaume nyumba moja, wanawake na watoto nyumba nyingine. Waliofungwa wakaomba muda wa kusali. Wakapewa. Wakaimba hadi kulipokucha. Asubuhi Jakobo akachomoa nyundo ya mapipa kiunoni, maana hakutaka kuharibu risasi. Alipiga mmoja mmoja, kichwani, mpaka mkono ukachoka, akampa mwenzake nyundo aendelee.

"Watoto pia," alisema Shangazi Ruth. "Watoto pia, Henry."

Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi. Akauliza taratibu, "Shangazi, hao watu walibatizwa na kanisa gani?"

"La Moraviani, mwanangu."

Mama akaiweka sahani chini. "Mimi ni Mmoraviani."

"Najua. Ndiyo maana sikuweza kuitazama hiyo nyundo mezani kwako."

Dale akasema Shangazi ameishiwa akili. Kisha, kwa kuwa Baba Henry alikuwa amejifunika uso na hamjibu, akapandisha sauti. Alisema watu wale walistahili, mchana wanaimba, usiku wanawaficha wauaji. Alisema mtu akiuliwa mama yake ana haki ya kuua. Akamnyooshea mama kidole, lakini maneno alimwambia kaka yake.

"Sasa naelewa kwa nini unawalilia. Umewaoa haohao." Kisha kidole kikanigeukia mimi. "Na hiki ndicho utakachokiachia jina letu?"

Sikumwona Baba Henry akiinuka. Niliona kiti kimeanguka, na nyundo haipo mezani. Pigo la kwanza lilimpata Dale kati ya shingo na bega, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Akaenda chini na kitambaa cha meza, sufuria ikamfuata, mchuzi wa moto ukamwagika kifuani pake, akapiga yowe. Baba Henry alimkanyaga tumboni, akapiga tena, mdomoni. Niliona jino kwenye vigae, dogo, jeupe, kama punje ya mahindi. Uso wa Baba Henry haukuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Ulikuwa umetulia, kama anapofunga boliti za bomba. Kwenye kioo cha kompyuta Shangazi Ruth alikuwa akipiga kelele, "Henry! Henry!" na kugonga kioo chake kwa kiganja.

Akainua mara ya tatu, juu kabisa, kwa mikono miwili. Mama akajirusha katikati, mkono wa kushoto mbele. Baba Henry alimwona. Nilikuwa chini ya kaunta ya jiko, nilikuwa nayaona macho yao wote wawili, na nawaambia alimwona. Nyundo ikashuka.

Mama hakulia. Alitoa pumzi tu, akautazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo. Kisha akasema kwa Kiswahili, sauti ya wodini, "Weka chini." Akaiweka.

Mlango ukagongwa. Ni mlinzi wa jengo, Mganda tuliyemwita Anko Moses. "Mama Neema, kuna nini? Watu wa chini wanalalamika."

Mama alifungua nusu. Neno ugomvi lingefika polisi, na baada ya polisi hakuna aliyejua nani angebaki nchini. "Mgeni ameteleza, nami nimeteleza kumwinua. Tuitie teksi, kaka."

Anko Moses alitazama sakafu, akatazama mkono, akatazama sakafu tena. "Khalas, Mama, yamekwisha," akasema. "Teksi inakuja."

Dale alisema hospitali maneno yaleyale, akaondoka alipopata nafuu, na hatukumwona tena. Nyundo mama aliitupa kesho yake kwenye bomba la taka la korido, mkono umefungwa plasta. Tulisikiliza ikigonga ghorofa moja baada ya nyingine mpaka chini.

Baba Henry hakwenda kazini. Alilia sebuleni, akapiga magoti, akamwomba mama msamaha kwa niaba ya Jakobo. Aliagiza vitabu, alimpigia mchungaji, akawa anafunga kula. Mimi niliegemeza kiti mlangoni mwa chumba changu. Katika akili yangu Wamoraviani walikuwa watu wa Rungwe tu. Nilikuwa na hakika babu yake Baba Henry alimuua mtu wa nyumbani kwetu, labda dada zake bibi, na kwamba damu ile anadaiwa na sisi. Jioni moja alizungumza nami kutoka upande wa pili wa mlango.

"Neema, unaniogopa?"

"Ndiyo."

"Asante kwa kuniambia," akasema, akaenda.

Muda si mrefu mama alimwambia ahame. Mwaka uliofuata alirudi kwao. Mimi nililia kuliko nilivyowahi kulia, na nilimchukia Jakobo kwa moyo wote, kwamba amekufa zamani hivyo na bado anaweza kuninyang'anya baba. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipojifunza kwamba watu wale waliishi ng'ambo ya bahari nyingine, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Rungwe. Lakini hata hapo niliendelea kuamini kwamba mama alimfukuza Baba Henry kwa ajili ya babu yake. Niliona ni uonevu. Mtu atajibu vipi kwa mkono ambao si wake?

Mwaka jana, tukimenya vitunguu jikoni kwake, nilimwambia hivyo. Mama aliweka kisu chini.

"Jakobo? Mimi Jakobo amenifanya nini? Aliyenivunja ni Henry." Alijifuta macho kwa nyuma ya kiganja, vitunguu vilikuwa vikali. "Alipiga magoti, mwanangu, uliona mwenyewe. Akaniomba msamaha wa watu waliokufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, mmoja mmoja, wanaume, wanawake, watoto. Mimi nimekaa pale na plasta yangu, nasubiri afike kwenye mkono wangu. Nilisubiri wiki mbili. Hakufika. Nilipomuuliza, alisema ilikuwa bahati mbaya, kwamba hakuniona."

Akaokota kisu, akaendelea.

Nilikuwa chini ya kaunta. Mimi ndiye shahidi pekee aliyeyaona macho yake, na miaka yote hiyo nilikuwa namtetea. Mtoto huona kila kitu, kisha hukiweka palipo karibu na moyo wake, na kwangu mimi ilikuwa rahisi kumbebesha yote mtu aliyekwisha kuoza.

Baba Henry bado ananiandikia. Kila mwaka huenda kwenye uwanja ulipokuwa kijiji kile, huweka maua, hunitumia picha ya nyasi na jiwe. Mimi humjibu vizuri. Bado nampenda, na sioni aibu kusema. Lakini picha ya safari hii ilipoingia sikumwandikia kwamba ni pazuri. Nilimwandikia: Baba, mkono wa mama unamuuma kukiwa na baridi, na siku ile ulimwona.

Alama mbili za buluu, za kuonyesha ujumbe umesomwa, zilitokea palepale. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Jumapili, na bado hajajibu.