Ndafu, Santuri Mpya na Sala ya Mchungaji

Jamani, mkisikia watu wa Kikatiti wanacheka habari za mbuzi aliyeruka kwenye sendofu, msihangaike kuuliza, DJ wa siku ile ni mimi. Kila nikipita kule lazima atokee mtu wa kunisimamisha aniulize kama mbuzi amepona, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikia kwa wengine imeongezwa chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa, vitu vinaingia nchini kila kona, mitumba, redio za kaseti, baiskeli za gia, na katika kuingia huko muziki wa hausi nao ukaingia Arusha na mimi nikauparamia kuliko wote. Nilikuwa napiga disko mjini wikiendi, nimepanga chumba Kijenge, na binamu yangu aliyekuwa anasoma Ulaya alikuwa ananitumia santuri mpya kila akipata mtu wa kumbebesha, nyingine karatasi ya katikati nyeupe pe, haina jina la mwimbaji wala la wimbo (hizo ndizo tulizoringia zaidi, maana mwenzako hata akiipenda hajui akaiulizie wapi).

Sasa hizi santuri zina tabia yake, na lazima niieleze kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Hazikutengenezwa kwa mtu aliyekaa sebuleni anasikiliza, zimetengenezwa kwa DJ. Mwanzo ni ngoma tupu, du, du, du, du, muda mrefu, ili upate nafasi ya kuiunganisha na ile inayoishia. Halafu ndiyo wimbo. Halafu katikati ngoma inakatika kabisa, kinabaki kisauti kimoja chembamba kama mbu, vijana disko wanainua mikono juu wanasubiri, na ngoma inarudi kwa kishindo. Ukumbini utamu wote uko hapo.

Nilikuwa na msichana wangu, Ndeshi, Mmeru, kwao ni juu kidogo ya Kikatiti, kahawa na migomba hadi mlangoni. Baba yake, ambaye wote walimwita Baba Naomi kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na hakutaka hata kunisikia. Uchaga wangu haukumsumbua sana (alisema tu kwamba Wachaga tunaongea mno). Kilichomsumbua ni kazi. Siku niliyokwenda kujitambulisha aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni DJ, akauliza hiyo ni nini, nikamweleza kirefu, akasema:

"Hata mimi ninayo redio ya kaseti. Nabonyeza, inaimba. Hiyo nayo ni kazi ya kuolea mke?"

Ndeshi alilia siku ile. Kwa hiyo Naomi alipopata mchumba wa Moshi na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ikapangwa, Ndeshi akawabembeleza ndugu zake mpaka wakakubali muziki nipige mimi, ili mzee aone kwa macho yake.

"Leo akikukubali, ukawalete wazee wako," aliniambia asubuhi tukipanga spika. "Akikukataa, mimi sina tena la kumwambia."

Mnaona mzigo niliokuwa nao kichwani.

Sherehe ilikuwa mchana, uani kwao, chini ya turubai. Mchungaji yuko meza kuu, wakwe wa Naomi wamejaa upande mmoja na suti zao. Nikapiga kaseti za kwaya, nikapiga kaseti za dansi, hakuna aliyelalamika. Kwa ajili ya kuingiza ndafu Ndeshi alikuwa amenipa kaseti maalumu ya kwaya ya usharika wao (ndafu ni yule mbuzi mzima aliyechomwa, amepigishwa magoti juu ya ubao, ana majani mdomoni, na anaingizwa kwa shangwe wapewe wakwe). Kaseti nilikuwa nayo mkononi, nimeshaisogeza kwenye redio, nikainua macho nikamkuta Baba Naomi anatazama kidole changu kinavyokwenda kwenye kitufe, na uso wake unasema, si nilikwambia? Kiburi kikanipanda. Nikaitia kaseti mfukoni, nikachomoa santuri moja ya zile za karatasi nyeupe, nikaiweka kwenye mashine.

MC alikuwa mjomba wake Ndeshi, mwalimu wa shule ya msingi, sauti ya kupanga watoto mstarini.

"Wajomba, leteni ndafu! DJ, kazi kwako!"

Nikashusha sindano. Du, du, du, du. Wajomba wanne wenye ubao mabegani wakafika mlango wa turubai wakasimama. Nikawapungia mkono waingie, hawakuingia, nikawapungia tena, wapi, wanasubiri wimbo uanze, na ukifikiria vizuri walikuwa na haki, nani anaingiza ndafu wimbo haujaanza? Kina mama nao wameshavuta pumzi ya vigelegele wameishikilia kifuani.

"DJ, tunaomba muziki," MC akasema.

"Ndio huu, mjomba!"

"Huu? Mimi nilifikiri kuna mtu anapigilia misumari."

Turubai zima likacheka. Mama mmoja akasema jenereta ndilo linalogonga hivyo, mwingine akasema hapana, ni mashine imekwama, na mjomba wa mbele akalalamika kwa sauti kwamba huyu mbuzi ni mzito, jamani, amueni. Baba Naomi akanyanyuka kwenye kiti chake, akaja hadi kwenye meza yangu kuona mashine ina nini, akasimama bega kwa bega na mimi.

Hapo nikachanganyikiwa. Nikainua sindano niipeleke mbele kwenye wimbo, lakini kwa haraka nikaipeleka mbele mno. Wimbo ukalia, ni kweli, wajomba wakaingia wanacheza, vigelegele vikafunguka, nikamwangalia mzee kama anayesema unaona sasa, na kabla ndafu haijafika meza kuu ngoma ikakatika. Kikabaki kile kisauti cha mbu.

Watu wakadhani wimbo umekwisha. Wakapiga makofi. Mchungaji, ambaye alikuwa na ibada nyingine ya kuwahi, hakungoja hata ndafu ishushwe, akasimama akasema, "Na tuombe."

Vichwa vyote vikainama. Wajomba nao wakainamisha vyao, ubao ukiwa mabegani, mbuzi akiwa juu yao kwa magoti kama naye anasali. Na katika watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ngoma inarudi, na inarudi kwa nguvu gani, na kwamba spika kubwa iko mgongoni kwa wajomba. Nikapeleka mkono polepole kwenye kitufe cha sauti. Baba Naomi akanidaka kiganja.

"Tunaomba," akaninong'oneza kwa ukali.

"Baba, inarudi."

"Nini inarudi? Funga macho!"

Nikafunga. Cheka ukitaka, lakini wewe ungefanyaje, baba wa mchumba wako, mzee wa kanisa, amekushika mkono katikati ya sala? Nikafunga macho nikaanza kuomba na mimi, ila ombi langu lilikuwa tofauti na la wenzangu.

Mchungaji alikuwa amefika kwenye kubariki mikono iliyoandaa chakula hiki. Ngoma ikarudi. Wajomba wa nyuma wakaruka, wa mbele wakachuchumaa, ubao ukainama, na ndafu ikateleza na majani yake mdomoni moja kwa moja hadi mapajani kwa baba yake bwana harusi, ambaye, namsifu mpaka leo, aliidaka kwa mikono miwili kama amepewa mtoto ashike, mafuta yakimchuruzika kwenye suti. Nikang'oa sindano, ikakwaruza santuri yote, krrrr, halafu kimya. Mchungaji akasema amina.

"DJ," MC akasema, "naomba usiguse kitu tena."

Sikugusa. Kina mama waliimba wenyewe hadi mwisho wa sherehe, na waliimba vizuri, hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikaa nyuma ya spika nakunja nyaya ambazo nilikuwa nimeshazikunja. Ndeshi akapita na sinia la chakula mara kadhaa, macho mekundu, hakugeuka upande wangu. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliona nimempoteza.

Wageni walipoondoka Baba Naomi akaniita nyuma ya jiko. Nikaenda. Nikamwamkia upya kana kwamba hatukuonana tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile ngoma, ulijua inarudi?"

"Nilijua, baba."

"Ulijuaje, na ilikuwa imenyamaza?"

"Nimeisikiliza sana. Naijua mpaka mwisho."

Akatazama chini, akasukuma jiwe kwa ncha ya kiatu.

"Na mimi nikakushika mkono."

Nikakitazama kiganja changu.

"Ile redio yangu," akasema taratibu, "mimi sijui itasema nini. Naisubiri tu iseme. Basi hiyo yako ni kazi. Ni kazi mbaya, lakini ni kazi." Akakohoa. "Sasa nisikilize vizuri. Siku yenu, ile mashine usiilete hapa. Tutaita matarumbeta."

Nilichelewa kuelewa. Aliyeelewa kwanza ni Ndeshi, aliyekuwa anaosha masufuria pale pembeni akijifanya hasikii, maana sufuria lilimponyoka likabiringika hadi miguuni kwetu.

Nikaapa palepale kwamba sitaigusa, na siku yetu ilipofika sikuigusa, ingawa tarumbeta moja lilitoka nje ya wimbo tangu mlangoni hadi meza kuu na mimi nikakaa nimeuma meno natabasamu. Na tangu hapo, mbele ya mchungaji, nabonyeza kaseti kama mtu mwingine yeyote.