Nilimvua Mutalemwa Sweta Juani

Ndugu zangu, nilimvua rafiki yangu nguo mbele za watu, na hakuna aliyenituma. Niacheni niseme yote.

Miaka ile baada ya vita, mimi na Mutalemwa tulibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Rubafu hadi sokoni Bukoba. Shule niliiacha mapema. Sikutulia mahali, na kila kitu nilitaka kukishika na kukiulizia. Yeye alikuwa mpole. Kila mlima alitangulia kufika juu, akanisubiri.

Halafu akaanza kuvaa sweta. Sweta zito, jeusi, la mikono mirefu, jua likiwaka! Jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Waitu, ndugu yangu, utaiva kama ndizi," nilimwambia.

Akacheka tu. "Wewe sukuma baiskeli."

Basi nikaingia kwenye mitumba kumtafutia nguo. Nilichagua kama mtu anayechagua mke! Fulana ya pamba niliiacha. Ikinywa jasho inakuwa nzito na kukuganda mgongoni. Shati la nailoni, hapana, hilo ni turubai. Mwishowe nikaona jezi ya Wazungu wanaopanda milima kwa baiskeli: mikono mifupi, vitundu vidogo vidogo, mifuko nyuma kiunoni. Nikaipuliza, pumzi ikatokea upande wa pili. Hii ndiyo!

Nikampa pale juu ya mlima, kwa mama muuza chai, wenzetu wote wakipumzika.

"Ivae."

"Nitaivaa nyumbani."

"Kwani nyumbani kwako kuna mlima?"

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Mwacheni, labda ndani hana kitu!"

Kicheko kile kikanilevya. Nikalishika sweta kwa nyuma, nikalivuta mpaka likatoka.

Mungu wangu! Mikono yote miwili, toka mabegani, vipele na makovu meusi. Kicheko kikakatika. Miaka ile ya ugonjwa mpya usio na dawa, mtu akionekana na mikono ya namna hiyo, watu walikuwa wameshamzika kwa macho. Mama wa chai akakichukua kikombe alichokuwa akinywea Mutalemwa, akakiweka chini, peke yake.

Mutalemwa hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliivaa ile jezi taratibu, akafunga zipu hadi shingoni.

"Asante, ndugu yangu. Kweli inapitisha upepo."

Tangu siku ile hakuna mwenye ndizi aliyempa mzigo tena. Akavuka ziwa kwenda kisiwa cha Bumbire, kwa wavuvi wa kuja na kuondoka, ambako hakuna aliyemjua. Na mimi? Nilikimbilia Muleba. Kutoka pale ningeweza kuvuka ziwa nikamwombe radhi. Sikuvuka! Nilijidanganya kwamba nilikusudia mema, basi yameisha. Akafia kule kisiwani.

Msibani dada yake alinivuta pembeni.

"Kule alilirudia sweta," akasema. "Jezi yako aliikunja, akawa anailalia chini ya kichwa. Alisema wewe ni mtu mwema, ila hungoji kuambiwa."

Hungoji kuambiwa! Nimetembea sana tangu hapo, nimebeba kahawa, nimebeba samaki, na kila mlima ninaoumaliza, juu hakuna anayenisubiri.

Jamani, mkimwona mtu amejifunika juani, mpeni maji anywe. Sweta lake mwachieni.